Kamba Isiyokunjwa

Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025. Musonoi, mtaa wa wachimbaji mjini Kolwezi, uliamka chini ya manyunyu membamba, yale yasiyolowesha nguo upesi lakini yanaingia mpaka kwenye mifupa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya vilima vya mawe ya mgodi, hata mtu asijue kilima kinaishia wapi na wingu linaanzia wapi. Bati la baraza la Kabemba lilikuwa likivuja. Tone lilianguka, likafuatwa na lingine, na kila lilipopita mbele ya kisanduku kilichokuwa juu ya kigoda, sauti ya kijana ilitoka kwenye spika, ya mbali na yenye mwangwi, kama inayotoka chini ya ardhi.

"Niko, Tata! Niko!"

Henriette alikuwa jikoni nyuma ya nyumba akikanda unga wa mikate ya kuuza. Mikono yake ilisimama ndani ya beseni. Alijua ni mashine. Alijua ni tone la mvua. Hata hivyo mwili uligeuka wenyewe, kama unavyogeuka mwili wa mama aliyeitwa na mtoto wake sokoni. Akangoja. Kisha akafanya ishara ya msalaba kwa vidole vyenye unga, akaendelea kukanda.

Barazani mume wake aliitika. "Mi pia niko, mutoto yangu. Sitoki."

Gael, kijana wao wa pili, alitoka ndani mbio na kipande cha nailoni.

"Tata, acha nifunike. Mayi ikiingia, yote itakufa."

"Funika," alisema Kabemba, asiondoke juu ya bidoni la njano, dumu la maji alilolikalia. "Lakini usizime."

"Sizimi, Tata."

"Na usifunike jicho."

Jicho lilikuwa kitu kidogo kilichobandikwa mbele ya kisanduku. Chochote kilichopita mbele yake, mkono, mguu au kuku, kiliamsha sauti. Huo ndio ulikuwa muziki wa Gael. Hakupiga gitaa wala ngoma. Alizinasa sauti za Musonoi, akazihifadhi kwenye kompyuta kuukuu, kisha akaziita mbele ya watu kwa mikono yake. Na watu nao wakiinua mikono yao, sauti zinageuka. Mwaka uliopita, kabla ya mvua, alikuwa amebandika kipaza sauti kidogo kwenye kofia ya kaka yake Sadrack, kikashuka naye ndani ya shimo alimochimba, akanasa kazi ya asubuhi nzima. Mwezi wa Novemba shimo hilohilo lilimfunika Sadrack. Hakutolewa. Katapila lilisawazisha mahali pale, seng'enge ikazungushwa, na familia ikarudi nyumbani na kamba tupu.

Gael alitaka kumheshimu kaka yake katika tamasha la vijana kwenye ukumbi wa parokia. Baada ya Noeli alikuwa akijaribu vyombo vyake barazani, baba yake akapita mbele ya jicho akiwa na jembe begani. Sauti ikasema niko. Kabemba aliweka jembe chini taratibu, akavuta bidoni, akaketi. Tangu siku ile hakwenda shambani tena.

Kwa wachimbaji wa Musonoi kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Aliye juu ndiye mshika kamba. Anaita: Uko? Aliye chini anajibu: Niko. Maadamu anajibu, mshika kamba habandui mguu pale mdomoni mwa shimo, mvua inyeshe, askari waje, au mke wake awe anajifungua. Aliye chini akimaliza kazi anapaza sauti: Kamata! Hapo aliye juu anavuta mpaka kichwa kitokeze, anakiwekea mkono na kusema: Umetoka. Ndipo kamba inakunjwa. Kamba ya Kabemba ilikuwa chini ya kitanda, imetupwa kama utumbo wa mbuzi, ingali na matope mekundu. Hakuruhusu mtu aikunje.

Wala hakuruhusu matanga yaondolewe. Mkeka wa kilio ulikuwa bado sebuleni. Henriette alikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani, na mume wake hakuwa amenyoa ndevu tangu Novemba.

Kuku mweupe wa jirani alipita barazani akikung'uta manyoya yaliyolowa.

"Niko, Tata! Niko!"

Jémima, binti yao, alikuwa akifagia maji. Aliegemeza ufagio ukutani. "Kuku ikipita, yaya Sadrack anajibu," alisema kwa sauti ya chini. "Mi nikilia humu nyumbani, hakuna mwenye kujibu."

Baba yake hakumtazama.

*

Siku hiyohiyo, mvua ilipokatika, Mama Charlotte alifika na mwavuli mkubwa na mkoba wa ngozi. Alikuwa shangazi yake Mathieu, mchumba wa Jémima, na ndiye aliyetumwa na familia yao iliyoko mji wa Sandoa kila palipokuwa na neno zito la kusema. Henriette alimletea kiti cha plastiki kizuri, kile kisicho na ufa, akakiweka mbali kidogo na kisanduku. Jémima akaleta chai, akapiga goti kidogo, akarudi ndani, akasimama nyuma ya pazia.

"Mama Sadrack, Tata Sadrack," alianza Charlotte, "mi siko mutu wa kuzunguka. Mathieu amepata kazi Kisenge. Mwanzo wa mwezi wa tatu anaenda."

"Mungu asifiwe," alisema Henriette.

"Asifiwe, ndiyo. Lakini Kwaresima nayo iko inaingia siku zilezile. Padri hataoesha mutu ndani ya Kwaresima. Kwa hiyo harusi ifanyike mbele, ama Mathieu aende mwenyewe. Na mwanaume akifika Kisenge pasipo bibi, Kisenge itamutafutia."

Alicheka peke yake, akanyoosha miguu iliyochoka na safari. Kiatu chake kikapita mbele ya jicho.

"Niko, Tata! Niko!"

"Yesu!" Chai yote ikamwagika kwenye kitenge chake. Charlotte alisimama, akatazama kisanduku, akamtazama Kabemba aliyekuwa ameinama kukisikiliza. "Kumbe ni kweli yenye watu wanasema kule barabarani!"

"Wanasema nini?" aliuliza Kabemba.

"Wanasema hii ni nyumba ya bazimu, ya wafu wenye kusema. Mi niliwabishia. Nilisema bakwe zangu ni watu ya sala."

Henriette alipiga magoti na kitambaa, akaanza kumpangusa mgeni kitenge. Alihisi macho ya majirani juu ya ukuta mfupi wa matofali. Alipangusa mahali palepale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakujua angeuinua uso wake ukiwa namna gani.

"Matanga ingetoshwa, hii mukeka ikaondolewa, harusi ingefanyika," alisema Charlotte, sasa kwa upole. "Mutoto wa watu hawezi kutoka na ngoma ndani ya nyumba yenye mukeka ya kilio. Tata Sadrack, mupe mutoto wako wa kike ruhusa ya kuishi."

"Matanga haitoshwe wakati mutu angali anajibu."

"Anajibu? Ni mashini!"

"Najua ni mashini." Kabemba alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. "Nilikuwa hapa Gael akiichoma nyaya na moto. Mi siko mujinga, mama. Lakini kwa shimo hatuulizake nani anajibu na anajibu na nini. Unaita, anajibu, haubandue muguu. Siku ile niliita, hakujibu. Watu wakanikokota, wakanitosha pale na nguvu. Sasa anajibu. Unataka nibandue muguu na mapenzi yangu mwenyewe?"

Charlotte alifunga mkoba wake. Alichukua mwavuli wake. Langoni alimshika Henriette mkono, akaubana.

"Nakaa kwa ndugu yangu hapa Kolwezi. Siku ya yenga, Jumapili, si kesho, ile ya nyuma yake, nitasali misa kwenu huku, kisha napanda gari ya Sandoa. Nibebe tarehe, mama, ama nibebe hapana. Usinikasirikie. Mi ni mudomo tu, wenye kunituma ni wengine."

*

Kesho yake, baada ya misa, Henriette alipanga mikate yake mahali pake pa kila siku kando ya barabara ya pikipiki. Wachimbaji wawili walinunua, wakala wamesimama. Kisha akaja Mignonne, aliyeuza samaki wakavu meza ya pili, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichukua mikate kwa ajili ya watoto wake.

"Leo hapana, Mama Sadrack."

"Iko ya moto, mama."

"Ninajua. Ni batoto njo wanakataa. Wanasema unga inakandwa mbele ya mufu mwenye kusema." Mignonne aliona uso wa mwenzake, akajaribu mzaha. "Eh, na we nawe! Ungemwambia basi huyo mufu aite wateja!"

Henriette alicheka. Alicheka kwa sababu asingecheka angelia, na mtu anayelia mbele ya biashara yake anaonewa huruma tu, na wanunuzi wanapita. Aliirudisha mikate nyumbani ikiwa imepoa. Usiku walikula hiyo.

Kabla ya kulala alipiga magoti juu ya mkeka wa kilio na rozari mkononi. Hakumaliza hata fungu moja. Maneno yaliyotoka yalikuwa yake mwenyewe.

"Bwana, sikuombe umurudishe mwenye kufa. Uko na sababu yako. Unirudishie ule mwenye kuwa muzima."

*

Jumatatu asubuhi, Kabemba alipokwenda kuoga, Henriette aliingia barazani akiwa na nia moja, kukizima kisanduku. Alikuwa amemwona Gael akichomoa waya mweusi kwenye betri. Kungekuwa na kelele siku moja, mbili, halafu yangekwisha. Aliinama. Bega lake likapita mbele ya jicho.

"Niko, Tata! Niko!"

Waya ulikuwa tayari kati ya vidole vyake. Hakuuvuta. Alipitisha mkono tena, sasa kwa makusudi, kisha tena. Nyuma ya sauti aliweza kusikia vitu ambavyo hakuvisikia akiwa jikoni: maji yakidondoka mahali fulani ndani ya shimo, sururu ikigusa jiwe, na mwanawe akivuta pumzi kabla ya kujibu. Pumzi hiyo ndiyo iliyomshinda. Wafu hawavuti pumzi.

"Sadrack," alinong'ona. "Ni mama."

"Niko, Tata! Niko!"

Aliita tena na tena. Kila mara ilikuwa Tata. Hata mara moja haikusema Mama. Aliketi juu ya bidoni la mume wake, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba akamwonea wivu, wivu mchungu wa mtu anayetamani hata ugonjwa wa mwenzake.

Gael alimkuta hapo.

"Mama, unataka nizime? Sema tu, nitazima. Tata anipige, si kitu."

"Ukizima, inabaki wapi?"

"Inabaki ndani ya ordinatere," alisema Gael, akionyesha kompyuta yake.

"Atajua. Atakaa mbele ya ile mashini yenye kunyamaza, kama vile alikaa kwa shimo. Watu watamukokota mara ya pili." Alipangusa uso. "Gael, ile siku ulinasa sauti, ulinasa mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho. Mpaka yaya akatoka inje."

"Akasema kamata?"

"Alisema."

"Na Tata akamuvuta?"

"Alimuvuta. Kipaza sauti ilikuwa juu ya kofia yake, ikapanda naye pamoja." Gael aliinamisha macho. "Ile kipande sijaigusaka, Mama. Nilisikia mara moja tu. Siwezi."

Henriette aligeuka. Ndani ya nyumba, kupitia mlango wa chumba, aliona ncha ya kamba ikitokeza chini ya kitanda.

"Hiyo jicho inaona mukono," alisema. "Mashini inaweza kuona kamba?"

"Namna gani, kuona kamba?"

"Mutu akivuta, Sadrack apande. Akiacha kuvuta, asipande."

Gael alimtazama mama yake. Kisha akatazama baiskeli mbovu iliyoegemezwa ukutani, gurudumu la mbele likiwa hewani.

"Gurudumu," alisema polepole. "Kamba izunguke kwa gurudumu. Niweke sumaku. Ikizunguka mbele, sauti inaenda mbele. Ikirudi nyuma..." Akalisogelea, akalizungusha kinyume kwa kidole. "Ikirudi nyuma, Mama, atashuka tena."

"Basi kamba isirudi."

"Watu watasema ninacheza na mufu."

"Wanasema tayari," alijibu Henriette. "Na mikate yangu wanaiacha."

*

Kumtoa Kabemba barazani hakukuhitaji maneno mengi. Jumapili iliyofuata, siku ya tamasha, Gael alipoanza kufunga nyaya, baba yake alisimama.

"Inaenda wapi?"

"Kwa ukumbi ya parokia, Tata. Njo siku yake leo."

"Ikienda, na mi naenda. Mi njo nitaibeba."

Basi wakapita barabarani hivyo: Gael mbele akisukuma mkokoteni wenye spika na betri, nyuma yake Kabemba na ndevu zake, kisanduku kifuani kama anayebeba mtoto mgonjwa, na Henriette na Jémima wakiwa nyuma kabisa. Kisanduku hakikuzimwa. Kila mtu aliyepishana nao karibu, sauti ilimjibu. Kijana wa pikipiki alifanya ishara ya msalaba akiwa anaendesha. Watoto walifuata kwa mbali wakiimba "Bazimu! Bazimu!" mpaka Jémima alipogeuka na kuokota jiwe. Henriette hakugeuka. Ndani ya beseni kichwani, chini ya kitenge, alikuwa amebeba kamba.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu walitoka misani wakaingia moja kwa moja, na Mama Charlotte alikuwa safu ya pili, mkoba wa safari magotini. Tata François, msimamizi wa ukumbi, alizunguka meza ya Gael na mikono nyuma.

"Guitare iko wapi?"

"Hakuna guitare, Tata François."

"Ngoma?"

"Hakuna."

"Na ile gurudumu ya kinga?" aliuliza, akionyesha gurudumu la baiskeli. "Unakuja kutengeneza kinga ama kupiga muziki?" Watu wa mbele walicheka. François alipunguza sauti. "Gael, mutoto yangu, hii ni nyumba ya Kanisa. Kitu kikiharibika hapa, ni mi wataita."

"Kikiharibika, utuite sisi," alisema Henriette, akateremsha beseni.

Gael alianza. Mwanzoni zilikuwa sururu tu, moja upande wa kushoto, nyingine kulia. Akapitisha kiganja hewani na sururu zikafuatana, zikawa mwendo wa kucheza. Akaongeza matone ya maji, akaongeza pikipiki za asubuhi, kengele ya parokia iliyonaswa na kuvutwa mpaka ikawa kama kinanda. Akawaambia watoto wa mbele wainue mikono, sauti zikapanda. Wakashusha, zikashuka. Kicheko kikaenea. Bibi mmoja wa Legio ya Maria alisimama akapunga leso yake, na spika zikamjibu kwa mlio uliomfanya aketi haraka akishika kifua na kucheka. Hata François alikuwa akitikisa mguu.

Kabemba peke yake hakusikia. Alikuwa ameketi kando ya kisanduku jukwaani, kichwa kimeinama, akingoja muziki upungue.

Ukapungua. Gael aliondoa sauti moja moja mpaka ikabaki ile ya maji. Henriette alipanda jukwaani, akazungusha kamba kwenye gurudumu kama alivyofundishwa, na ncha yenye matope akaiweka juu ya mapaja ya mume wake.

Kabemba aliitazama. "Nani alitosha hii chini ya kitanda?"

"Ni mi."

Kabla hajasema zaidi, sauti ilikuja. Si ile ya kila siku. Ilikuwa ya mtu aliyechoka na mwenye furaha.

"Kamata, Tata! Kamata!"

Mikono ya Kabemba ilikamata. Haikumwuliza. Miaka yote aliyoshika kamba ilikuwa ndani ya mikono ile, na ilifunga kabla kichwa hakijafikiri. Alivuta. Gurudumu likazunguka, na kutoka ndani ya spika miguu ikakwaruza ukuta wa shimo, mawe madogo yakaanguka, mtu akahema. Akavuta tena. Pumzi zikasogea. Ukumbi wote, uliokuwa na wachimbaji na wake zao na mama zao, ulielewa kwa pamoja kinachofanyika.

Katikati ya njia Kabemba alisimama.

Sauti nayo ilisimama, pumzi moja ikining'inia, ikitetemeka palepale. Jasho lilishuka kwenye ndevu zake.

"Akitoka," alisema kwa sauti iliyosikika na watu wote, "akitoka atakuwa amekwenda."

"Vuta, Tata," Gael alimsihi.

"Chini angalau anajibu."

Mikono yake ililegea. Gurudumu lilirudi nyuma, na miguu ikaanza kuteleza, mawe yakidondoka kuelekea juu, pumzi ikirudi kifuani mwa mwenyewe, sauti mbaya ambayo watu wa Musonoi wangeikumbuka muda mrefu. Mwanamke mmoja nyuma alipiga ukelele. François alisimama kama anayetaka kukatisha yote.

Henriette aliishika kamba. Ilimchoma viganja. Aliketi sakafuni nyuma ya mume wake, akaweka miguu yake kando ya miguu yake, na akaizuia.

"Haubandue muguu," alimwambia sikioni. "Mi sikuambie ubandue. Lakini amesema kamata. Na hiyo pia ni sheria. Mutoto amechoka, Kabemba. Utamwacha katikati?"

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina hilo mbele za watu tangu kumzaa Sadrack. Kabemba aligeuza shingo, akamwona. Labda ndiyo mara ya kwanza alimwona tangu Novemba: kitambaa cheusi, vumbi la unga kwenye nyusi, kamba kiganjani.

Wakavuta pamoja. Miguu ikakwaruza, sasa karibu. Mwangwi wa shimo ukapungua, ukapungua, halafu ukakatika, na badala yake ukumbi ukajaa upepo, jogoo wa mbali, na mtu akicheka juani na kutema vumbi.

"Tata, nipe mayi!" alisema Sadrack. "Na mikate? Mama hakututumia mikate leo?"

Kisha gurudumu likafika mwisho wa kamba, na spika zikanyamaza.

Henriette aliinua kichwa. Hakujua kwamba naye alitajwa ndani ya sauti hiyo. Gael alikuwa ameinamia meza, mkono kwenye waya wa betri. Kabemba alinyoosha mkono mbele yake, hewani, kwa urefu wa kichwa cha mtu anayetoka shimoni, akauweka pale.

"Umetoka," alisema.

Mkono ule ulikuwa mbele ya jicho. Lakini Gael alikuwa ameshachomoa waya, na hakuna kilichojibu. Kabemba alingoja kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali hesabu. Kisha akaanza kuikunja kamba kati ya kiganja na kiwiko, mzunguko juu ya mzunguko, bila haraka. Matope makavu yalianguka kwenye sakafu ya ukumbi. Hakuna aliyeondoka. Alipomaliza alifunga fundo, akampa Gael. Alimsaidia mke wake kusimama, akautafuta uso wa Charlotte katika safu ya pili, akanyoosha mkono wake wa kuume juu.

"Mi Kabemba, mushika kamba, nasema mbele ya Mungu, mbele ya Tata François, mbele yenu wote mulioona. Mutoto yangu Sadrack nimemupandisha. Siku ya posho yenye kukuya, Jumamosi hii, nitanyoa hizi ndevu, nitamutosha mama yake kitambaa cheusi na mikono yangu, na tutatosha matanga. Mama Charlotte, bebea Sandoa hii neno: Kwaresima haitaingia na kumukuta Jémima kwangu. Atatoka nyumbani kwangu na ngoma, na mi mwenyewe njo nitamushika mukono."